Mashine Iliyofundishwa Kujizima

Kompyuta ya mezani inayozimika ghafla kwa kawaida humfikia fundi ikiwa imeshahukumiwa. Mwenyewe atasema ina virusi, jirani atasema Windows imechoka, na mwingine atashauri iuzwe kwa wanunuzi wa skrepa, inunuliwe nyingine. Hukumu zote hizo zina mzizi mmoja: dhana kwamba kuzimika ni dalili ya mashine iliyopoteza akili au iliyofika mwisho wa maisha yake. Historia ya mashine hizi inasema kinyume. Uwezo wa kompyuta kujikatia umeme haukuja wenyewe. Ulijengwa hatua kwa hatua, kwa muda wa zaidi ya nusu karne, na wahandisi waliokuwa wakipambana na maadui wawili, joto na umeme usiotulia. Hoja ya makala haya ni kwamba anayeifahamu historia hiyo huanza kuutafuta ugonjwa pale kinga ilipowekwa, na mara nyingi huukuta papo hapo.

Pambano lenyewe ni la tangu mwanzo. ENIAC, kompyuta kubwa ya kielektroniki iliyoonyeshwa hadharani katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, Februari 1946, ilikuwa na valvu (mirija ya kielektroniki) zinazokaribia 18,000 na ilikula umeme wa kilowati 150 hivi. Karibu umeme wote huo uligeuka joto. Mhandisi wake mkuu, J. Presper Eckert, alijua kwamba mashine yenye valvu nyingi kiasi hicho isingefanya kazi hata siku moja kama kila valvu ingesukumwa hadi mwisho wa uwezo wake, hivyo akaziendesha kwa nguvu ndogo kuliko ile zilizotengenezewa. Jambo la pili lililojulikana mapema ni kwamba valvu nyingi ziliungua wakati wa kuwashwa na kuzimwa, pale chuma na kioo vinapotanuka na kusinyaa, kwa hiyo mashine iliachwa ikiwaka usiku na mchana. Hata hivyo, muda mrefu zaidi iliowahi kufanya kazi mfululizo bila hitilafu ulikuwa saa 116 tu, na hapo ilikuwa imeshafika mwaka 1954. La muhimu zaidi kwa hoja yetu ni kifaa kidogo kilichowekwa katika paneli zake, thamostati, ambayo ilikata umeme joto lilipopita kiwango kilichopangwa. Kompyuta ya kwanza ya aina yake, basi, ilizaliwa ikiwa na kinga ya kuizima kabla haijaungua.

Kinga hiyo haikurithiwa moja kwa moja na kompyuta za mezani. IBM ilipotoa PC yake Agosti 1981, pawasaplai yake, yaani kifaa cha ndani cha kuigawia mashine umeme, ilikuwa ya wati 63.5, na swichi ilikuwa kubwa, nyekundu, ubavuni mwa kasha karibu na nyuma, ikikata umeme wa ukutani moja kwa moja. Aliyezima ni mtu, kwa mkono wake. Hata hivyo, ndani yake mlikuwa na mambo mawili ya kuangaliwa kwa makini. Kwanza, pawasaplai ilijizima yenyewe ikiwa mkondo umezidi au volti imepanda kupita kiasi, ili hitilafu ya sehemu moja isiteketeze mashine nzima. Pili, kulikuwa na waya uliopeleka kwa madabodi, yaani bodi kuu ya mashine, ishara kwamba umeme umetulia na uko sawa. Ishara hiyo ikikosekana, prosesa huzuiwa isianze kazi, na ikipotea katikati ya kazi, mashine husimama na kuanza upya. Waya huo upo mpaka leo katika kompyuta za mezani. Maana yake ni kwamba tangu 1981 pawasaplai imekuwa mlinzi wa mlangoni, na mlinzi akichoka, mashine nzima husimama hata kama prosesa, kumbukumbu na diski ni vizima kabisa.

Mapinduzi ya kweli yalikuja mwaka 1995. Wale waliotumia Windows 95 wanakumbuka maandishi ya rangi ya chungwa yaliyotokea mwishoni, yakimruhusu mtumiaji sasa azime kompyuta yake. Programu ilimaliza kazi zake, lakini haikuwa na mkono wa kufikia swichi. Mwaka huohuo Intel ilitangaza muundo wa ATX, na muundo huo ukaibadili kazi ya kitufe cha mbele. Hakikukata tena umeme. Kilipeleka ombi kwa madabodi, na madabodi ndiyo iliyoiamuru pawasaplai iwake au izime kupitia waya maalumu, ambao katika nyaya za ATX ni wa kijani. Umeme mdogo wa volti 5 ulibaki ukipita muda wote ili madabodi iweze kusikiliza. Ndiyo sababu kitufe kikibonyezwa kwa sekunde nne hivi mashine huzimika kwa nguvu, na ndiyo sababu kitufe kilichonasa kwa vumbi au kutu huweza kuizima kompyuta nzima huku kila mtu akitafuta virusi. Kuanzia hapo, mamlaka ya kuzima yalitoka mikononi mwa mtu yakaingia ndani ya mashine. Kompyuta za miaka ya themanini, ukiacha pawasaplai iliyojikinga, ziliweza tu kuganda au kuanza upya. Kompyuta ya ATX ilipewa uwezo wa kujizima kabisa kwa amri iliyotoka ndani yake.

Mamlaka hayo yalihitajika upesi, kwa sababu joto lilikuwa linapanda. Prosesa za Intel za 486 za mwaka 1989 zilifanya kazi bila hata kipande cha bati cha kupozea. Pentium ya kwanza, mwaka 1993, ilitoa joto la wati 15 hivi, na feni juu ya prosesa ikawa jambo la kawaida. Kufikia 2004, baadhi ya prosesa za Pentium 4 zilipita wati 100, zote zikitoka katika kipande cha silikoni kidogo kuliko ukucha wa dole gumba. Tofauti kati ya prosesa yenye kinga na isiyo na kinga ilionekana kwa umma Septemba 2001, pale tovuti ya Tom's Hardware ilipoonyesha video ya jaribio la kung'oa kipoza joto huku mashine zikifanya kazi. Pentium 4 ilipunguza kasi na kuendelea. Pentium III ilisimama, na haikudhurika. Athlon za AMD, mshindani wa Intel, za wakati huo hazikuwa na kinga ya kutosha, zikaungua kwa muda mfupi mno. Jaribio hilo lilizua mjadala mkali, na Athlon 64, iliyotoka 2003, ilikuja na kinga ya ndani ya kujizima joto linapozidi. Hapa ndipo tunapoona wazi kwamba mashine iliyosimama au kupunguza kasi ndiyo iliyopona. Ile iliyoendelea kuwaka bila kinga ndiyo iliyokufa.

Kipindi hichohicho kilileta balaa jingine lililozizima kompyuta nyingi mno. Prosesa mpya zilitaka volti ndogo na mkondo mkubwa: wati 75 kwa volti 1.5 ni ampea 50, mkondo wa ukubwa unaovutwa na majiko kadhaa ya umeme. Kuutuliza mkondo huo, madabodi zilipangwa kapasita kuizunguka prosesa, vile vikopo vidogo vya alumini vinavyofanana na betri ndogo. Ili zimudu kazi hiyo kwa bei nafuu, watengenezaji walitumia kimiminika chenye maji mengi. Maji na alumini havikai pamoja kwa amani. Bila kemikali sahihi za kuzuia kutu, huzalisha gesi ya haidrojeni. Kikopo huvimba, kichwa chake hupasuka kwenye alama zilizochongwa makusudi, na ute wa kahawia huchuruzika juu ya madabodi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya tisini hadi karibu 2007, kapasita za namna hiyo zilikufa kabla ya wakati duniani kote. Kapasita iliyopungukiwa nguvu haimudu tena kuituliza volti, na prosesa inapotaka umeme mwingi kwa ghafla, volti hushuka, na kompyuta huanza upya au kuzimika palepale.

Mapema mwaka 2003 jarida la IEEE Spectrum lilisimulia chanzo chake kama kisa cha wizi wa fomula: mtaalamu aliyetoka kampuni ya Japani akahamia China, na fomula ikaibwa tena kutoka huko hadi Taiwan ikiwa haijakamilika. Kisa hicho kilienea sana kwa sababu kinasimulika vizuri. Lakini ushahidi uliofuata unataka tuwe waangalifu. Mwaka 2005 Dell ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya kutengeneza kompyuta za ofisini za OptiPlex zenye kapasita mbovu, na nyaraka za kesi zilizowekwa wazi mwaka 2010 zilionyesha kwamba kompyuta zisizopungua milioni 11.8 za aina hizo ziliuzwa kati ya Mei 2003 na Julai 2005 zikiwa katika hatari. Kapasita zilizotajwa katika sakata hilo zilikuwa za kampuni ya Kijapani. Wizi wa fomula, kwa hiyo, hauelezi yote. Kinachoeleza zaidi ni shinikizo la wakati ule: prosesa zenye njaa ya umeme, makasha madogo yasiyopitisha hewa, na mashindano ya bei yaliyolazimisha kila mtengenezaji kukaribia ukingo wa uwezo wa kifaa. Eckert aliziendesha valvu zake chini ya uwezo wao. Warithi wake walikuwa wameiacha hekima hiyo.

Historia hii ilifika Afrika Mashariki kwa njia mbili. Ya kwanza ni mtumba. Miaka ya 2000 ndiyo miaka ambayo kompyuta zilizotumika Ulaya, Marekani na Ghuba ziliingia kwa wingi mashuleni, kwenye intaneti kafe na ofisini. Kenya, kwa mfano, ilipata mwaka 2002 taasisi ya Computers for Schools Kenya iliyozikarabati na kuzipeleka shuleni. Mashine iliyofika hapa ikiwa na miaka minne au mitano ilikuja na kapasita zilizokwisha kula sehemu ya umri wao. Baadhi zilitoka Marekani kiswichi chao kidogo chekundu cha nyuma, cha kuchagua volti, kikiwa kimewekwa kwenye volti 115, na zikichomekwa kwenye soketi zetu za volti 230, pawasaplai iliungua kwa mlipuko siku ya kwanza. Njia ya pili ni hali ya hewa. Kanuni inayotumiwa na wahandisi ni kwamba umri wa kapasita ya aina hii hupungua kwa nusu kila joto linapopanda nyuzi 10. Kapasita iliyopimwa kudumu saa 2,000 kwenye nyuzi 105 itadumu takriban saa 32,000 ikikaa kwenye nyuzi 65, lakini saa 16,000 tu kwenye nyuzi 75. Kwa ofisi inayowasha kompyuta saa nane kwa siku, siku 250 kwa mwaka, hiyo ni tofauti ya miaka 16 na miaka 8. Nyuzi 10 ni tofauti ya kawaida kabisa kati ya chumba chenye kiyoyozi London na chumba chenye madirisha wazi Dar es Salaam au Mombasa.

Kuna pingamizi la haki linaloweza kutolewa hapa: virusi je? Ni kweli kwamba Agosti 2003 kirusi cha Blaster, na mwaka uliofuata kirusi cha Sasser, vilizifanya kompyuta za Windows zijizime na kuwaka upya, na nadhani imani ya watu wengi kwamba kuzimika ni virusi ilikomaa wakati huo. Tena Windows XP, iliyotoka 2001, ilipangwa iwake upya yenyewe pale mfumo mzima unapoanguka, hivyo makosa mengi ya programu yalionekana kama hitilafu ya umeme. Lakini tuangalie namna kuzimika huko kulivyotokea. Blaster na Sasser vilileta kidirisha chenye kuhesabu sekunde 60. Kosa la programu huigandisha mashine, huonyesha skrini ya bluu au huiwasha upya. Ni nadra kukata umeme kama vile waya umeng'olewa. Na upo mtihani unaotenganisha mambo haya mawili bila ubishi. Kompyuta ikiachwa kwenye ukurasa wa mipangilio ya BIOS, Windows haijaanza wala kirusi cha Windows hakina pa kufanyia kazi. Ikizimika hapo, kosa halimo katika programu. Kuifuta diski na kuweka Windows upya katika hali hiyo ni kupoteza siku nzima, na wakati mwingine kupoteza nyaraka za mwenye mashine.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi kwetu: labda tatizo ni umeme wa kukatika-katika, na kompyuta haina kosa. Nani asiyekumbuka mgao wa Kenya wa mwaka 2000, au ule wa Tanzania wa 2006, ukame ulipokausha mabwawa? Umeme wa namna hiyo huua vifaa, hasa unaporudi kwa kishindo. Hata hivyo, maelezo hayo peke yake hayajibu swali moja: kwa nini kompyuta mbili zilizochomekwa soketi moja, moja huzimika taa inapopepesa na nyingine huendelea? Miongozo ya ATX inaitaka pawasaplai nzima iendelee kutoa umeme kwa milisekunde 16 au 17 baada ya umeme wa ukutani kukatika. Wimbi moja la umeme wetu wa 50 Hz ni milisekunde 20, kwa hiyo akiba hiyo haifiki hata wimbi moja zima. Pawasaplai yenye kapasita zenye afya huvuka kipepesi kifupi kwa akiba hiyo. Yenye kapasita zilizokauka haina akiba, nayo huanguka kila jokofu la jirani linapoanza kunguruma. Umeme mbovu, basi, humalizia ugonjwa ambao tayari umo ndani. UPS na stabilaiza ni vitu vya lazima katika maeneo mengi, lakini kununua UPS bila kuikagua pawasaplai mara nyingi ni kulipa gharama ya kuficha dalili.

Wapo pia watakaosema kwamba ukaguzi wa namna hii umepitwa na wakati, kwa kuwa vifaa vimeshuka bei na mashine ya zamani haifai kupigiwa jasho. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama mashine iliyozimika ingekuwa imekufa kweli. Lakini tumeona kwamba sehemu zinazozimisha ni chache na ndizo za bei ndogo: feni iliyojaa vumbi, pesti ya kupitisha joto iliyokauka kati ya prosesa na kipoza joto, pawasaplai, kitufe, na kapasita za shilingi chache ambazo fundi mwenye mkono mtulivu hubadilisha kwa kulehemu. Sehemu za bei kubwa, yaani prosesa, kumbukumbu na diski, huwa zimelindwa na kule kuzimika kwenyewe. Uganda ilitangaza mwaka 2009 marufuku ya kuingiza kompyuta zilizotumika, kwa hofu ya taka za kielektroniki, na hofu hiyo ni ya msingi: madabodi nyingi za zamani zina risasi na metali nyingine za sumu. Lakini taka haitoki kwenye mtumba peke yake. Inatoka pia kwenye kila mashine nzima inayotupwa kwa sababu ya kapasita moja iliyovimba, iwe ilinunuliwa mpya au kuukuu.

Historia hii inatupa pia utaratibu wa uchunguzi. Mashine ikizimika sekunde ile ile inapowashwa, shuku pawasaplai au shoti. Ikizimika baada ya dakika kadhaa, na ikachelewa kukubali kuwaka mpaka ipoe, shuku joto: safisha vumbi, angalia kama feni inazunguka, badilisha pesti. Ikizimika pale tu inapopewa kazi nzito, kama michezo au kuhariri video, shuku pawasaplai iliyozeeka au kapasita za madabodi, na mwanga wa tochi juu ya vichwa vya vikopo hivyo mara nyingi hutoa jibu. Ikizimika bila mpangilio, jaribu pawasaplai nyingine nzima kabla ya kugusa kitu kingine. Baada ya kuzimika ghafla, Windows za siku hizi huandika tukio namba 41 katika kumbukumbu zake za matukio. Tukio hilo linasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuamriwa, wala halimtaji mkosaji, hivyo asidanganywe mtu akadhani ni ushahidi dhidi ya programu. Onyo moja halina mjadala: pawasaplai yenyewe isifunguliwe na asiye fundi, kwa sababu kapasita zake kubwa hubeba zaidi ya volti 300 na huweza kuua hata baada ya waya kuchomolewa.

Vyuo vya ufundi vinavyofundisha kutengeneza kompyuta vingefanya vema kuanza na somo la umeme na joto kabla ya somo la kuweka Windows, kwa kuwa huo ndio mpangilio ambao mashine zenyewe zilijengwa. Nazo ofisi na shule zingejiepusha na hasara kubwa kwa kukataa kusaini hati ya kutupa kompyuta yoyote kabla ya kuijaribu kwa pawasaplai nyingine. Kompyuta inayojizima inafanya kazi iliyofundishwa. Kazi yetu ni kuuliza imeona hatari gani, kisha kuiondoa hatari hiyo.